Neno "basi" litamchoma nyoka wa yule mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na nikizidisha maneno unisamehe. Mimi ni mzee na jambo lenyewe linaniuma.

Wiki mbili zilizopita mlichapa swali la mama mmoja anayeishi Birmingham, Uingereza, ambaye mwanawe amemsumbua mpaka akakubali kumnunulia nyoka wa kufuga. Mama wa watu aliuliza: nyumba yetu ni baridi, huyu mnyama nitampashaje joto? Mkamjibu kwa sentensi moja: anunue mkeka wa joto wa umeme, auweke chini ya tangi la kioo, basi. Najua wasomaji wengi walicheka wakafungua ukurasa wa michezo. Mimi sikucheka. Hilo neno "basi" ndilo nililoambiwa na mimi dukani mwaka 2019, na nyoka wangu akaungua tumbo.

Nijitambulishe kwanza. Nilizaliwa Voi, nikasomea umeme Mombasa, nikafunga nyaya kwenye nyumba za Changamwe na Mikindani kwa miaka kumi na minne kabla ya kumfuata mke wangu huku, maana yeye ni muuguzi. Sasa nimestaafu na tunakaa bonde la mto Wear, kaunti ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo kondoo wanatuzidi kwa idadi na theluji inaweza kuanguka hata Aprili. Nyoka sikumtaka. Kwetu nyoka akionekana uani, swali huwa ni nani aliye karibu na rungu. Aliyemtaka ni mjukuu wangu, wakati huo ana miaka tisa, aliyenivuta mkono hadi sanduku la mwisho kabisa dukani na kuniambia, "Babu, huyu ametoka kwenu."

Nikavaa miwani nikasoma kibandiko. Boa wa mchangani wa Kenya. Nikainama kumtazama, na kumbe namjua! Mfupi, mnene, rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia iliyokoza, vijicho vidogo vimepanda juu ya kichwa ili aweze kuchungulia akiwa amejizika. Tulikuwa tukiwafukua utotoni kwenye makorongo makavu tulipokwenda kuchota mchanga wa kujengea. Hana sumu. Anapatikana kuanzia Misri kushuka hadi Tanzania, na wazungu wamemjua siku nyingi, kwani Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Jike hufika sentimita 80 hivi na dume ni kama nusu yake. Huyu wa dukani alikuwa jike, amezaliwa Uingereza kama mjukuu wangu, na kama mjukuu wangu alikuwa hajaiona Kenya. Moyo ukalainika. Tulipofika nyumbani alijisokota, mjukuu akamwita Chapati.

Muuzaji alitupa tangi la kioo, mfuko wa mchanga, mkeka wa joto wa wati 16, na kipimajoto cha mviringo cha kubandika ukutani. Nilipouliza mkeka unadhibitiwa na nini, akasema hauna haja, ni wati chache tu. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nikanyamaza. Nilifikiri yeye anajua nyoka na mimi najua nyaya, kumbe hapo palihitaji mtu wa nyaya.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu ndicho ambacho jibu lenu halikukigusa. Mkeka wa joto ni karatasi ya plastiki yenye mistari ya kaboni ndani yake. Ukiupa stima unapata joto, na joto hilo lazima litokee mahali. Tulipoubandika chini ya kioo, na juu ya kioo tukamwaga mchanga wa kimo cha vidole vinne, joto likakosa njia. Mchanga mkavu ni blanketi. Kipimajoto cha ukutani kikasoma nyuzi 24, mjukuu akadhani mgeni wetu ana baridi, akaongeza mchanga. Kioo chini kikazidi kupata moto, huku juu pakizidi kupoa. Kipimajoto kikashuka hadi 23. Akaongeza tena.

Na Chapati alifanya nini? Alifanya kile mama yake na bibi zake walichofanya Tsavo tangu enzi: alipohisi joto limemzidi humo mchangani, alichimba kwenda chini. Pale Voi saa saba mchana mchanga unachoma nyayo mpaka unaruka kama panzi, lakini ukiuchimba kwa kiganja, urefu wa mkono tu, unakuta ubaridi. Jua liko juu na nafuu iko chini, na nyoka huyu amezaliwa akilijua hilo bila kufundishwa. Sisi tulimpindulia dunia. Kadiri alivyochimba kutafuta nafuu ndivyo alivyousogelea mkeka, na alipofika kwenye kioo akalala pale pale. Utadhani mnyama akichomwa atakimbia. Nyoka huweza kulala juu ya kitu kinachomchoma tumbo asiondoke, na wafugaji wengi wameligundua hilo kama nilivyoligundua mimi, kwa kuchelewa.

Tulipomtoa tumbo lilikuwa na mabaka mekundu na magamba yamevimba maji. Siku hiyo ndipo nilipochukua kipimajoto changu cha kazini, kile chenye kiwaya, nikakizamisha hadi kwenye kioo. Kilisoma nyuzi 47.

Daktari wa wanyama alitutoza pauni 180 kwa ziara ya kwanza. Akampa krimu ya silva sulfadiazini, ileile wanayopakwa binadamu walioungua, na akaamuru mchanga wote utolewe, alale juu ya karatasi safi mpaka vidonda vifunge. Tulitumia magazeti ya kizungu. (Lako, Mhariri, halifiki huku likiwa la karatasi, la sivyo lingepata kazi ya heshima.) Alijivua ngozi mara tatu kabla tumbo halijakaa sawa, na kovu moja lipo mpaka leo. Themostati, yaani kile chombo kinachopima joto na kuidhibiti stima chenyewe, ingezuia yote hayo, na ingenigharimu kama pauni 30.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimemuumiza nyoka, na kila nionapo waya umepita chini ya tangi nashtuka.

Wasomaji wa nyumbani wanaoona kichekesho mtu kumwashia nyoka stima, nawaomba wakumbuke vifaranga. Nani kati yetu hajalea vifaranga kwa balbu au kwa makaa ndani ya chungu? Wakijazana chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakitawanyika pembeni midomo wazi, umewapikia. Wakitapakaa kila mahali wakidonoa, umepatia. Nyoka naye husomwa hivyo hivyo, ila yeye halii, na mwili wake hautengenezi joto la kumtosha kama sisi. Joto analolipata nje ndilo linalomwezesha hata kusaga chakula. Akimeza panya halafu akapoa sana, panya humharibikia tumboni na atamtapika. Akiishi kwenye ubaridi wiki nyingi, mapafu humsumbua. Kwa hiyo yule mama hakuuliza swali la kipuuzi. Tena sheria ya huku ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama ampe mazingira yanayomfaa, awe mbwa, awe nyoka.

Lakini kumpa nyoka joto bila kumwachia baridi ni kumfungia jikoni. Anachohitaji ni upande wa moto na upande wa baridi ndani ya sanduku moja, ajigawie mwenyewe. Kwa boa huyu wa kwetu, pale anapoota joto panafaa pawe nyuzi 32 hadi 35 juu ya jiwe, na upande wa pili 24 hadi 27. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ambaye Ghana, Togo na Benin zimewauza nje kwa maelfu na ambaye nadhani ndiye mtoto wa Birmingham atakayemtaka, ataridhika na 31 hadi 33 upande wa moto. Nyoka wa mahindi wa Marekani hahitaji hata hizo. Swali la kwanza basi si "ninunue hita gani", ni "ni nyoka gani, na kwao joto linatoka wapi".

Baada ya vidonda kupona nililiuza tangi na kutengeneza sanduku la plaiwudi, urefu sentimita 90, kina 45, kimo 45, vioo vya kuteleza mbele. Mbao hushika joto kuliko kioo, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuwasha kwa kukosa kazi. Joto nikalirudisha juu, linakostahili. Upande wa kulia dari ina balbu ya halojeni ya wati 50, inayowaka saa kumi na mbili za mchana kwa taimeri, na chini yake nimelaza kigae kipana cha jiwe jeusi. Usiku balbu huzima na kazi hushikwa na hita ya kauri ya wati 60, inayotoa joto bila mwanga. Zote mbili nimezizungushia kizimba cha wavu wa chuma, kwa sababu nyoka atakwea na kujiviringisha kwenye kitu chochote chenye joto, na hita ya kauri usoni huwa na moto wa kuunguza vibaya. Hiyo hita usiifunge kwenye holda ya plastiki. Itayeyuka, na kama una bahati utanusa harufu kabla ya kuona moshi. Tafuta holda ya kauri.

Leo saa sita mchana jiwe lilisoma nyuzi 34, mchanga ulio vidole vinne chini ya jiwe 29, na kona ya kushoto 25. Chapati akichimba, anapoa. Sikumfundisha mtu jambo hapo, nimeirudishia dunia yake kichwa juu, miguu chini.

Kuhusu themostati nivumilieni, hapa ndipo kwangu. Ziko za namna mbalimbali na hazibadilishani kazi. Ile ya bei nafuu hukata na kuwasha, kama pasi. Inafaa kwa mkeka. Ukiifungia balbu, taa itawaka na kuzima kutwa nzima kama ya disko, na balbu haitamaliza mwezi. Balbu inataka ile inayofifisha stima polepole. Hita ya kauri inakubali hiyo, au ile inayotuma stima kwa mapigo mafupi mafupi. Sensa yake, ule mkia wa waya wenye kichwa, iwekwe pale nyoka anapolala, si ukutani wala darini. Ifungwe kwa vibanio vya skrubu. Usitumie gundi ya utepe ndani ya sanduku hata kidogo, maana nyoka hunasia hapo na ngozi huchubuka.

Halafu ujue kwamba chombo hiki hakina akili. Siku moja mjukuu alisafisha sanduku, akaitoa sensa, akaisahau imening'inia nje kwenye ubaridi wa sebule. Themostati ikasoma nyuzi 17, ikaamini ndani kuna barafu, ikamimina stima yote bila kukoma. Nilisikia ukimya wa ajabu (balbu ikififishwa hutoa mvumo mdogo ambao masikio yangu yameshauzoea), nikaenda kuangalia nikakuta jiwe liko nyuzi 52. Chapati alikuwa amejizika kona ya mbali kabisa, chini, kwenye ubaridi. Kama joto lingetoka chini asingekuwa na pa kwenda. Tangu siku hiyo nimeweka themostati ya pili, inayojitegemea, inayokata kila kitu jiwe likivuka 40. Mafundi wenzangu watanielewa: swichi ya ndani ikishagandana haikati tena, na huwa inagandana ikiwa imewasha. Kwa sababu hiyo pia usinunue hita ya wati 150 kwa sanduku dogo ukidhani themostati itaituliza. Chukua hita ambayo hata ikikwama haitaua.

Plagi za huku ni zetu zile zile za pini tatu zenye fyuzi ndani. Nyingi huja na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni ya birika na pasi. Kwa wati 60 toa hiyo, weka ya ampea 3. Na waya uulegeze ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya bakuli yakimwagika yadondoke kwenye kitanzi yasifuate waya hadi kwenye stima. Mke wangu huniambia hayo ni mambo ya woga. Muuguzi huyo.

Mawe ya joto ya kuchomeka kwenye soketi, msimpe mtu ushauri huo. Balbu nyekundu za usiku nazo ni za kumfurahisha mwenye nyoka.

Mtaniuliza gharama. Majira ya baridi ya mwaka 2022, stima huku ilipopanda hadi peni 34 kwa uniti na watu wakawa wanakaa na makoti ndani ya nyumba, nilipiga hesabu ya sanduku la Chapati. Balbu wati 50 kwa saa kumi na mbili, hita ya usiku ikifanya kazi kama theluthi ya muda. Hazikufika peni 30 kwa siku. Mimi mwenyewe nilikuwa ghali kuliko yeye, na jioni zingine nilivuta kiti nikakaa karibu na sanduku lake.

Na stima ikikatika? Wa nyumbani msicheke, hata huku hukatika. Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 2021 dhoruba waliyoiita Arwen ilituangushia miti na nguzo, na bonde letu lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokaa gizani kwa siku nyingi. Chapati alikuwa amekula panya siku moja kabla. Ndani ya nyumba kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 9. Tulimtia kwenye foronya, foronya kwenye sanduku la sponji la kubebea samaki, na pembeni chupa ya mpira ya maji ya moto iliyoviringwa taulo mbili, isimguse. Tulikuwa na jiko la gesi. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, mmoja wetu aliamka kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, tukijaribu kushika 27. Mke wangu alichora chati ya zamu kama ya wodini na kuibandika kwenye friji iliyozima. Stima ilirudi siku ya tano. Panya hakutapikwa.

Mama wa Birmingham nitamwambia hivi: nyoka ndiye anunuliwe mwisho. Sanduku, hita, themostati na vipimajoto viwili, kimoja kila upande, vinunuliwe kwanza na viwake wiki nzima sanduku likiwa tupu. Asome asubuhi, mchana na usiku wa manane, aandike. Namba zikitulia ndipo mtoto akamchukue nyoka wake. Akishaingia, amtazame yeye zaidi ya kipimajoto. Akiganda chini ya taa kutwa nzima ana baridi. Akijitosa kwenye bakuli la maji au kusukuma kioo upande wa baridi kwa pua, joto limezidi. Akila halafu akajilaza siku mbili upande wa moto, huyo yuko sawa, asimshikeshike.

Na kijana yeyote wa Voi, Kibwezi au Garissa anayesoma hapa akifikiri kwenda kumfukua mmoja korongoni, amwache. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali. Na huyo wa korongoni ana mchanga wake na jua lake, bure, tena havijawahi kukatika.

Mhariri, kabatini nina themostati moja ya ziada, nzima, niliyokuwa nimeiweka akiba. Ukiweza kumfikishia yule mama ujumbe, mwambie aniandikie kupitia ofisi yako nitamtumia kwa posta. Lakini afanye haraka, huku Oktoba imeshaingia na jana asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Fundi umeme mstaafu,
Bonde la Wear, Uingereza